Milio Ishirini na Minne ya Darubini

Kambini, Michigan Kaskazini
Jumamosi, 19 Novemba 1988

Kwako Kaka Reino,

Jumanne iliyopita, tarehe 15 Novemba, siku ya kufungua msimu, saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, nilipoteza kulungu dume mwenye pembe za ncha nane, nikapoteza mkia wa shati langu la sufu, ule upindo wa nyuma anaokatwa kambini kila anayekosa, na nikapoteza dungu la Baba, kile kiti chake cha kuvizia juu ya mti. Vyote vitatu kwa risasi moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha mezani kuandika, na sitaki ulisome katikati kama habari ya pembeni.

Baada ya hayo, hujambo? Wifi Helmi naye hajambo, na lile goti lake? Sisi huku tu wazima. Baba Mdogo Onni anakohoa, lakini mkono wake bado una nguvu ya kumrushia kijiko yeyote anayefunua sufuria kabla ya wakati. Arne Lindqvist anakoroma mpaka nadhani panya wamehamia kwa jirani. Theluji imefika inchi sita, baridi ni kavu, upepo umetulia. Ni msimu wa kuuota ndotoni, Kaka, na wewe umeukimbia siku ya pili! Utaona nimeandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sababu utaikuta mbele. Usimpe Helmi akusomee. Isome mwenyewe, hata ikikuchukua siku mbili.

Unakumbuka mkia wangu wa kwanza ulikatwa mwaka jana. Ule niliustahili. Niliingiza bunduki ndani nikaikausha karibu na jiko kama mgeni wa mjini, asubuhi nikatoka nayo kwenye baridi, na darubini iliyo juu yake ikaingia ukungu kama dirisha la sauna. Kulungu alisimama mbele yangu nami naona maziwa matupu. Mlicheka, mkakata, mkapigilia ukutani. Lakini Baba Mdogo alikumbusha sheria yake: mikia miwili mfululizo, dungu linakwenda kwa anayefuata. Na anayefuata dungu la Baba ni wewe, uliyelisubiri miaka kumi na mmoja tangu tupige kura nami nikalipata.

Kwa hiyo mwaka huu nilijiandaa. Miezi mitano nilichagua darubini! Muuzaji mjini alinitolea moja ndefu kama bomba la jiko, inayokuza mara kumi na nane, akaniambia, "Mama, kwa hii utahesabu kope za kulungu." Nikamwambia sikuja kuhesabu kope, nimekuja kutafuta nyama. Nikamwomba karatasi. Toka dungu la Baba, sehemu ya karibu kulungu anapopita ni yadi arobaini, ya mbali kabisa ni mia mbili na kumi, nimezipima kwa miguu yangu. Ukikuza mara kumi na nane kwenye yadi arobaini utaona manyoya tu, hujui ni bega au ni tako. Nikamwambia pia kwamba kioo cha mbele cha milimita thelathini na tatu, ukikuza mara nne, yaani ukikigawanya kwa nne, kinaleta jichoni mwanga wa milimita nane, na jicho la mtu wa miaka hamsini na miwili alfajiri halifunguki hata sita. Sasa hicho kioo chake cha milimita hamsini ningekibeba kwa faida ya nani? Akanitazama. Akaniuliza mimi ni mwalimu? Nikamjibu kwamba nilianza kufagia vumbi la chuma kwenye karakana ya mgodi nikiwa na miaka kumi na saba, na leo nina karakana yangu na mashine tatu za kukereza, na hakuna aliyenipa hata msumari. Nikachukua ya kukuza mara mbili hadi saba. Nyepesi, fupi, na jicho linakaa inchi tatu na nusu nyuma yake, hainipasui nyusi bunduki ikipiga teke.

Niliifunga mwenyewe, skrubu nne za pete na nne za chini, kila moja kwa kipimo. Jumamosi ya tarehe 12, ukiwa bado hujafika, nikailenga kule kwenye shimo la mchanga. Yadi mia, risasi tatu: zote inchi mbili juu ya kitovu cha shabaha, kama nilivyotaka, zimekaa pamoja ungezifunika kwa kizibo cha chupa. Nikaweka sifuri kwenye vifundo vya kurekebishia shabaha, nikafunga vifuniko, nikaitundika bunduki nje barazani kwenye baridi pamoja na nyingine, kama desturi yetu inavyotaka. Jumapili ukaja. Sisi watatu tukaenda mjini kununua viazi, kahawa na pasti, ile mikate iliyojazwa nyama, wewe ukasema utabaki upasue kuni. Tuliporudi Arne alihesabu magogo akasema Reino amepasua matatu na kutoa jasho la thelathini. Wote tulicheka. Wewe hukucheka.

Sasa njoo Jumanne! Nilikuwa juu ya dungu saa moja kabla ya jua. Kimya, Kaka, kimya cha kusikia theluji ikianguka toka kwenye misonobari. Nilipoinua darubini kujaribu, msalaba wake ulionekana umenenepa, kingo zake kama uzi uliolowa. Nikafuta jicho. Nikalaumu kahawa, nikalaumu baridi. Kisha akatoka. Bega pana, shingo imevimba, pembe ncha nane, anatembea kana kwamba msitu wote ni urithi wake. Yadi mia moja na thelathini, pale penye mti wa mbetula uliopinda. Akasimama ubavu. Nikatoa nusu ya pumzi, nikavuta kifyatulio taratibu kama nilivyofundishwa, na kulungu akaruka, akasimama, akanitazama, akaondoka bila haraka. Hata mbio hakunipa!

Nilikuta manyoya matatu juu ya theluji. Manyoya ya mgongoni. Niliyaleta kambini, na Baba Mdogo akasema ni vizuri, atayapika na vitunguu. Wewe ndiye uliyeshika mkasi. Nimelifikiria hilo sana. Ulikata polepole, karibu kabisa na kitambaa, na ulipomaliza hukunitania kama ulivyonitania mwaka jana. Nilijaribu kusema kwamba darubini ina jambo, Baba Mdogo akanikata akasema bunduki haina kosa, mwenye kosa ni aliyeishika. Nikajifungia choo cha nje kwa nusu saa. Nikwambie nilichofikiri humo? Nilifikiri macho yangu yamekwisha, na kwamba mtu anayeishi kwa kupima sehemu moja ya elfu ya inchi sasa atakula nini.

Jumatano jioni ukaondoka, ukasema kazini wamekuita. Arne alikuwa amerudi mapema siku hiyo akilalamika kwamba ulimpita njiani, hatua kumi na tano, naye amevaa rangi ya chungwa toka kofia mpaka magoti, na hukumwamkia. "Au amenidhania boga?" akasema. Tulicheka tena. Sisi ni watu wa kucheka, Reino.

Alhamisi sikuweza kuvumilia. Nikaenda shimo la mchanga na bunduki yangu. Yadi mia, risasi tatu: zimekaa pamoja vizuri kabisa, mikono yangu mizima, lakini zimekaa inchi nane juu ya kitovu. Nane! Nikafungua kifuniko. Kifundo hakikuwa kwenye sifuri. Nikakirudisha nikihesabu milio yake, tik, tik, tik, mpaka ishirini na nne. Kila mlio ni robo inchi kwenye yadi mia, kwa hiyo ni inchi sita, ongeza mbili zangu, nane. Kwenye yadi mia na thelathini inakuwa kumi. Kifua cha kulungu yule ni inchi kumi na sita kwenda chini, nilimlenga katikati, nane toka mgongoni. Kumi kutoa nane, risasi imepita inchi mbili juu ya ngozi ya mgongo wake ikanyoa manyoya matatu yaliyosimama kwa baridi. Hesabu imefunga kama mlango wa benki. Sikukosa! Nilipiga kelele peke yangu pale shimoni, kunguru wakaruka.

Chini ya benchi, penye mchanga mkavu, nikaokota maganda manne ya risasi. Mimi hujaza risasi zangu mwenyewe na kila ganda hulirudisha mfukoni. Hayo manne yalikuwa ya chapa ile ya bei nafuu unayonunua wewe peke yako, na bunduki zetu mbili hula risasi za aina moja. Nikaona pia pete ya kioo cha jicho imefunguliwa mzunguko mmoja na robo tatu. Nikairudisha mpaka msalaba ukawa mwembamba kama wembe, na jicho langu likawa zima kuliko la mwewe. Nikasema moyoni, huyu kaka yangu ameharibu kila palipoweza kuharibiwa ili akalie dungu la Baba.

Siku hiyo hiyo wakati wa chakula cha jioni niliweka maganda manne mezani nikasema yote. Nilikuita mwizi. Nilikuita majina ambayo Mama angenisugulia sabuni mdomoni. Baba Mdogo Onni aliinuka, akachukua kipande cha mkaa jikoni, akalipiga mstari jina lako kwenye ule ubao wa majina ya wenye madungu ulio juu ya jiko. Akasema kwamba kwenye mkutano wa kugawa madungu, Jumamosi ya tarehe 26, litaondolewa kabisa mbele ya wote, na dungu la Baba halitaondoka kwangu. Nililala usingizi mtamu.

Ijumaa nikaamua kukaa dungu lako la kule mierezini, kwa ubishi tu, niseme nimekaa kwako. Nikaweka darubini kwenye mara tatu kwa sababu miti imebanana. Kulipopambazuka, Reino, akaja! Si yule wa Jumanne, huyu ni baba yake! Ncha kumi, nyeupe kwenye vilele kama mishumaa. Nilimwona kwanza sikio, kisha jicho. Nikajiambia, Aili, hesabu. Yadi kama tisini na tano. Kwenye yadi tisini na tano risasi iko karibu inchi mbili juu, lenga kiwiko si bega. Mti mmoja ulimfunika. Nikasubiri. Akapiga hatua mbili, msalaba ukatulia, nikavuta. Hakwenda hatua tano! Alilala kama mtu aliyechoka. Nilishuka ngazi nikiruka vipandio viwili viwili, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nikianguka, nikiinuka, nikicheka. Ametolewa matumbo na bado ana ratili mia moja themanini na saba, sasa ananing'inia kwenye mti wa kutundikia, na Arne anampitia kila saa kumtazama akijifanya anakwenda kuleta maji.

Lakini kabla ya kumkokota nilirudi kwa miguu toka alipoanguka mpaka dunguni, kupima. Hapo ndipo furaha ilipopata mwiba. Zilipobaki hatua arobaini kufika dunguni nikaanza kuona utepe wa rangi ya chungwa umezungushwa kwenye mierezi, mpana kama kiganja. Hatua ya arobaini, ya thelathini, ya ishirini, ya kumi. Zaidi ya arobaini hakuna kitu. Na ndani ya hizo arobaini, kwenye theluji ya Jumatatu, nyayo za siku ulizokaa wewe, zimeganda. Nilizihesabu. Kulungu tisa walipita mbele yako, wawili wao madume makubwa, nawe uliturudia kambini kila jioni ukisema hakuna kilichotikisika.

Nikakaa chini kwenye theluji. Mtu anayetaka kuharibu darubini ya mwenzake huzungusha kifundo akaenda zake. Hahangaiki na pete ya jicho. Pete ile huzungushwa na mtu mmoja tu, anayetafuta kuona. Ulibaki peke yako Jumapili ukataka kujua kama kioo kipya cha dada yako kitakurudishia macho. Ukafungua pete mpaka mwisho wa subira yako. Ukapiga risasi ya kwanza, tundu hukuliona kwenye darubini, ukatembea yadi mia kwenda kulitazama na mia kurudi, ukazungusha. Ukapiga ya pili, ukatembea tena. Mara nne. Yadi mia nane kwenye mchanga na kuni hazijapasuliwa. Wewe, Reino, uliyenifundisha nikiwa na miaka kumi na mitatu kwamba risasi ziwe tatu kwanza ndipo mkono uguse kifundo, kwamba anayefukuza risasi moja moja atazunguka mpaka Krismasi. Uliifukuza. Kisha tukasikika tunarudi na gari, ukaitundika bunduki kama ilivyo. Siku mbili baadaye ukashika mkasi.

Bado nimekasirika! Ungeniambia Jumanne, pale pale, ningekuwa na kulungu wawili. Lakini hasira si ile ya Alhamisi. Baba alianza hivi hivi alipofika umri wako. Mtoto wa jicho. Alificha misimu mitatu, na wa tatu akampiga ndama wa mzee Lindqvist akidhani ni kulungu. Tumeicheka hadithi ya ndama miaka thelathini. Safari hii, Kaka, aliyekuwa hatua kumi na tano mbele ya bunduki yako hakuwa ndama.

Sasa niungame, maana na mimi ninayo yangu. Jana jioni, kulungu akiwa tayari juu ya mti na kahawa mezani, niliwaambia Baba Mdogo na Arne kwamba nimekusingizia. Nilisema maganda yale ni ya zamani, na kwamba nimekuta skrubu za darubini yangu zimelegea, mimi mwenyewe sikuzikaza. Mimi! Niliyewahi kurudia kazi nzima ya mteja kwa sababu ya sehemu mbili za elfu za inchi. Arne alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema fundi mkuu anakaza boliti za mabehewa ya mgodi, skrubu nane za kwake zimemshinda, kesho atalegea na kichwa. Habari itafika mjini kabla yangu, na wateja watanitazama mikono. Baba Mdogo akaandika jina lako upya kwenye ubao. Kisha akasema sheria ni sheria, mikia miwili ni mikia miwili, dungu la Baba ni lako kuanzia mwakani. Nikasema sawa. Sikuwaambia juu ya pete, wala utepe, wala nyayo. Hayo ni yako kuyasema.

Dungu nimekuachia kwa mdomo wangu mwenyewe, na sitalidai. Lakini sijamwachia mtu asiyeona. Leo asubuhi nimekwenda dukani njia panda nikapiga simu kwa daktari wa macho mjini. Amekupa nafasi Jumatatu, tarehe 28, saa tatu asubuhi. Anasema siku hizi huondoa mtoto wa jicho kwa muda mfupi kuliko wa kula chakula cha mchana, jicho moja kwanza, lingine baadaye. Nitakuja kukuchukua na gari saa moja na nusu. Helmi mwambie unanisaidia kubeba mashine.

Wasalimu Helmi na wajukuu. Baba Mdogo anakusalimu kwa kusema uliacha soksi zako na amezitumia kushikia sufuria. Arne anakusalimu pia, na anauliza lini utamwamkia. Paja moja la kulungu nimekutengea, limeandikwa jina lako.

Huku hakuna simu, kwa hiyo piga dukani njia panda, wanaandika ujumbe kwenye karatasi nami nitakuwa nimesimama pale. Nataka neno moja. Usiniambie habari za kazini, usiniambie tutaona baada ya sikukuu. Mkutano wa madungu unaanza saa saba mchana, Jumamosi ya tarehe 26. Ikifika saa sita kamili bila neno lako, nitaweka bunduki yangu, maganda yako manne na utepe wako mezani mbele ya wote, nitaeleza kila mlio, na hutashika bunduki tena katika msitu huu, hata ukinichukia mpaka kaburini.

Kwa daktari Jumatatu unakwenda, ndiyo au hapana?

Dada yako,
Aili Kettunen